Hodi Mara Tatu Kwenye Choo cha Tatu

Nianze na aibu yenyewe kabla hamjanizoea. Mwenzenu niliwahi kumkimbia mtu aliyekuwa anaumwa chooni, nikamfungia mlango kwa nje kwa ufunguo, nikateremka ngazi mbio na glavu za mpira mikononi, kwa sababu nilidhani ni mzimu wa Kijapani. Halafu kampuni ikanipa keki. Keki ilikuwa na jina langu juu, wamekosea herufi moja. Nilistahili wakosee zote.

Haya, mmeshacheka, sasa nirudi nyuma nieleze vizuri. Rehema, huyu msimamizi wenu wa sasa pale Midrand, alinipigia simu wiki ileile niliyostaafu. Akasema, "Mama Sizwe, hawa wapya hawajui kitu. Wengi ni wa Kongo, Burundi na kwetu Tanzania. Waandikie kwa Kiswahili, mimi nitawatumia kwenye group." Nikamwambia Rehema, mimi shule niliishia kidato cha pili, na hicho cha pili chenyewe nilifika katikati. Akasema, "Andika kama unavyoongea." Kwa hiyo mkichoka, lawama zipelekeni kwake.

Habari za mshahara sitazisema, msije mkaacha kazi. Vyeo sikupata, basi na hapo tumemaliza.

Huku Joburg nilikuja kwa kumfuata mume. Baba Sizwe alikuwa mkimbizi wa siasa, alikaa kwetu Morogoro miaka mingi, tukaoana, na nchi yake ilipofunguka akasema turudi nyumbani. Nyumbani kwake, yaani. Alinisimulia kila kitu kuhusu Johannesburg isipokuwa baridi ya Julai. Tukafikia Tembisa kwa mama yake, mimi nimevaa kanga mbili na kandambili, wifi yangu ananiangalia kama nimetoka baharini.

Kazi nilipata kwenye lile jengo la ghorofa nne mnalolijua, ukivuka robot ya pili, yaani taa za barabarani. Siku ya kwanza nilikabidhiwa kwa Ma Thoko. Nyie hamkumkuta. Alikuwa mama wa Kizulu, mfupi, mpana, akitembea kwenye korido watu wazima wanabana ukutani. Alinifundisha kwa Kizulu, mimi nikawa nashika neno moja, naacha mawili, kama anayeokota maharage gizani.

Somo la kwanza lilikuwa vitambaa. Chekundu ni cha choo. Cha njano ni cha masinki. Cha bluu ni cha maofisini, cha kijani ni cha jikoni. Mpaka leo ndivyo ilivyo, na mkimwona mtu anachanganya, mpigieni kelele. Mimi siku ileile ya kwanza nilikwenda kufuta meza ya mkurugenzi kwa kitambaa chekundu. Nilikifuta mpaka kikombe chake. Ma Thoko akasimama mlangoni, mikono kiunoni.

"Hau, Sofi! Bosi angetaka choo mezani si angesema mwenyewe?"

Somo la pili lilikuwa kugonga. Kabla hujaingiza dekio kwenye choo chochote, unagonga mlango mara tatu, unaita kwa sauti, unasubiri, ndiyo unasukuma. Kila mlango, hata kama unaona kabisa uko wazi. Kwangu hilo lilikuwa jepesi. Kwetu nani hajui hodi? Unapiga ya kwanza, ya pili, ya tatu, usipojibiwa unaondoka zako. Tofauti ni kwamba huku usipojibiwa unaingia. Ma Thoko alitaka tuite kwa Kiingereza lakini mimi mdomo ulishazoea, nikawa naita "Hodi!" Miaka ikapita, jengo zima likazoea. Akaja mhasibu mmoja Mkenya, mtu wa utani, akawafundisha wenzake kwamba ukisikia hodi unatakiwa ujibu "Karibu." Basi nikawa nagonga mlango wa choo, mtu yuko ndani amekaa, ananikaribisha. Nilikuwa nashukuru, naendelea na mlango mwingine.

Somo la tatu ndilo lililokuja kunishinda, na ndilo nawaandikia hasa. Ma Thoko alikuwa anasoma makapu ya taka. Hakuwa mbeya, tena mtu akileta umbeya alimkatisha. Ila alijua nani ana mimba kabla ya mumewe, kwa maganda ya tangawizi na ndimu. Alijua nani anatafuta kazi kwingine, nani halali nyumbani kwake, nani ameanza kunywa tena. "Ukimwaga taka bila kuangalia," alisema, "umebeba tu uzito. Angalia. Halafu nyamaza. Ila siku mtu anahitaji msaada, utakuwa wa kwanza kujua." Nikaitikia, yebo Ma, nimeelewa. Sikuwa nimeelewa, kama mtakavyoona.

Ma Thoko alipostaafu aliniachia ufunguo wa vyoo vya ghorofa ya tatu. Ghorofa ya tatu walikuwa wamehamia Wajapani, kampuni ya mashine za kufungashia. Watu safi ajabu. Wanafuta sinki wenyewe baada ya kunawa, mpaka nikaanza kuogopa kwamba nitakosa kazi. Miaka mingi baadaye ndipo akaja Mariko.

Mariko alikuwa wa upande wa mizigo, mambo ya makontena na meli. Mwembamba, wa miaka thelathini na kitu, miwani mikubwa, yuko peke yake hapa, hana mume, hana ndugu. Wenzake walikuwa wanakula mezani huku wanaandika. Yeye siku moja ya kiangazi kiyoyozi kimekufa akashuka na kisahani chake mpaka jiko letu dogo la chini, akasimama mlangoni, akainama, akauliza kama anaweza kukaa na sisi kwa sababu kuna upepo.

Sisi ni mimi na Mama Bahati. Mama Bahati ndiye aliyekuwa wa chai, mwanamke wa Bukavu, Kongo, mrefu, mlokole, hacheki ovyo lakini anakuchekesha mpaka unashika mbavu. Akamvutia kiti. "Kaa, mama. Kiti ni cha kampuni, hakuna mwenye nacho."

Kiingereza chetu watatu kilikuwa cha kuunga, kila mmoja na viraka vyake, lakini tulielewana vizuri kuliko waliosoma. Na siku hiyohiyo, joto limetukaa shingoni, Mariko akatuambia kwamba kwao hadithi za mizimu husimuliwa wakati wa kiangazi. Watu wanakaa pamoja wanasimuliana ili wasisimke, damu ipoe, joto lipungue.

"Yaani nyinyi mzimu ni feni?" nikamuuliza.

Akacheka kwa kuziba mdomo kwa mkono. Halafu akaanza.

Hadithi ya kwanza ni ya mwanamke anayetembea barabarani amefunika mdomo kwa barakoa. Anakusimamisha, anakuuliza, je, mimi ni mzuri? Ukisema ndiyo, anavua barakoa. Mdomo umechanwa kutoka sikio hadi sikio. Anakuuliza tena, na sasa je? Ana mkasi mkubwa mkononi. Mariko alisema watoto wa shule walikuwa wanaogopa kurudi nyumbani peke yao. Mimi nikasema huyo mwanamke asijaribu kuja Tembisa, angeambiwa "sharp, sisi", yaani poa dada, na wangempokonya ule mkasi kabla hajauliza swali la pili. Mama Bahati akasema yeye hapo angekuwa ameshakemea kwa jina la Yesu tangu kwenye barakoa.

Hadithi ya pili ni ya sauti inayotoka kwenye choo ambacho karatasi imeisha. Inakuuliza, unataka karatasi nyekundu au ya bluu? Ukisema nyekundu, unakufa kwa damu. Ukisema bluu, unanyongwa mpaka rangi inakubadilika. Mama Bahati alishika kifua. Mimi nikauliza, bluu inafanya nini chooni? Bluu ni ya maofisini. Huyo mzimu hakupita kwa Ma Thoko.

Basi ikawa ndiyo desturi. Saa saba kasoro Mariko anashuka, anakula kidogo, anasimulia moja. Na sisi tukawa tunamlipa kwa zetu. Nilimweleza habari za majini ya kwetu, na wifi yangu aliyeinua miguu ya kitanda kwa matofali ili yule kibwengo mfupi wa huku asimfikie usiku. Mariko aliandika yote kwenye kijitabu. Aliuliza matofali mangapi kila mguu.

Jumamosi moja tulikwenda naye Newtown, Mama Bahati alikuwa anapeleka vitenge kwa mwenzake mwenye meza sokoni. Mariko akasimama mbele ya mzee anayeuza birika za zamani, taa, cherehani zilizokufa. Akatuambia kwao wanasema chombo kikifikisha miaka mia kinapata roho, na kama ulikitupa vibaya kinakuja kukulalamikia. Jumatatu yake niliomba radhi kwa dekio langu. Msinicheke, nyie hamkulijua lile dekio. Lilikuwa na mpini wa mbao, limekaa mkononi mwangu kuliko mume wangu.

Sasa ndiyo ikaja hadithi ya tatu, iliyonimaliza.

Mariko akasema shuleni kwao, na karibu kila shule kule, choo cha wasichana cha ghorofa ya tatu, mlango wa tatu, kuna mtoto wa kike. Nywele fupi, sketi nyekundu. Ukitaka kujua kama yupo, unagonga mara tatu na kumwita. Akiwepo, anaitika kwa sauti ndogo kwamba nipo. Na ukifungua, anakuvutia ndani.

Mama Bahati akanigeukia taratibu. Mariko akanigeukia. Nadhani wote tulikuwa tunahesabu kitu kimoja.

"Mama Sizwe," akasema Mama Bahati, "weye unasafisha ghorofa ya ngapi?"

"Ya tatu."

"Na unapigaka hodi mara ngapi?"

Nikasema nina kazi, nikaondoka.

Tangu siku hiyo mlango wa tatu ukawa adui yangu. Mtu mzima, nina mjukuu, kila siku nagonga mara tatu kwenye ghorofa ya tatu mlango wa tatu na kuita. Kama ningekuwa natafuta kumwalika yule mtoto nisingefanya tofauti. Na kugonga siwezi kuacha, ni sheria ya kazi. Nikawa nakisafisha cha mwisho, nasoma dua zote ninazozijua na za jirani, nazungusha brashi mara mbili, natoka kinyumenyume.

Hapohapo nikaanza kuona vitu. Ndani ya kile kidebe cha taka cha mlango wa tatu, karibu kila siku, kulikuwa na karatasi za pipi. Ndogo, za rangi. Pipi chooni! Kulikuwa na vipande vya pamba vyenye tone la damu, tone dogo kama kichwa cha pini. Na mara mojamoja, vimeviringishwa kwenye karatasi laini, vifuniko vidogo vya plastiki vya rangi ya machungwa, vyembamba kuliko kidole cha mtoto. Na ule mlango saa sita na nusu mara nyingi ulikuwa umefungwa, kimya, hata maji hayasikiki.

Mimi, mwanafunzi wa Ma Thoko, niliviangalia vyote hivyo. Nikavisoma. Nikapata jibu: ni yule mtoto.

Nikamkimbilia Mama Bahati. "Anakula pipi! Na damu ipo!"

"Mzimu gani huyo anatupa karatasi ndani ya pubeli ya taka?" akasema, anapanga vikombe. "Huyo amefundishwa na mama yake. Mwache."

Siku yenyewe ilikuwa Alhamisi. Kuna meli ilichelewa, ghorofa ya tatu nzima walikuwa kwenye mkutano tangu asubuhi, na saa saba ikapita Mariko hajashuka kula. Sikujali, nikajua ni kazi. Nikachukua ndoo, nikapanda.

Mlango wa kwanza, hodi, hodi, hodi. Kimya, nikasafisha. Wa pili vilevile. Nikafika wa tatu. Nikagonga. Moja, mbili, tatu.

"Hodi! Kuna mtu?"

Ikaitika. Sauti nyembamba, ya kitoto, kama inatoka chini sakafuni, inasema kitu kwa Kijapani, inavutavuta maneno.

Sasa sikilizeni. Ma Thoko alitufundisha kwamba ukijibiwa usichoelewa, unainama unaangalia chini ya mlango. Ni kitu cha sekunde mbili. Mimi sikuinama. Niliacha ndoo, niliacha dekio, nikatoka, nikaufunga mlango mkubwa kwa ufunguo, nikazungusha mara mbili, nikatundika kile kibao cha njano cha kwamba choo hakitumiki, na nikashuka ghorofa tatu bila kukumbuka kama kuna lifti.

Mama Bahati alinikalisha chini. Nikamwambia ameitika, ameitika, nimemfungia. Hakucheka. Alinimiminia chai, akatia sukari vijiko vinne, akakoroga.

"Kunywa. Sukari inatuliza moyo. Unatetemeka kama mtu ambaye sukari imemshukia."

Akageuka kuangalia saa ya ukutani. "Na Mariko leo hajala. Ile dada, na vile ni mwembamba..."

Nikiwa na kikombe mdomoni nikamwona mama mkwe wangu. Marehemu Gogo, yaani bibi kwa Kizulu, kule Tembisa, amekaa ukingoni mwa kitanda anajidunga sindano ya sukari tumboni, anakunja kile kifuniko kidogo cha rangi ya machungwa kwenye karatasi ili wajukuu wasikichezee. Na pamba. Na pipi, mfukoni mwa sweta, za kula akijisikia vibaya. Miaka sita nilimuuguza yule mama. Vile vifuniko nilivitupa mimi mwenyewe mamia kwa mamia.

Sijui nilisema nini. Mama Bahati anasema nilisema "Gogo" tu. Nikabeba bakuli la sukari, kijiko kiko ndani, nikapanda zile ngazi. Kushuka nilishuka kama msichana, kupanda ndipo nilijua nina miaka mingapi. Mama Bahati nyuma yangu na simu.

Ufunguo ulikataa. Ni mimi niliuzungusha mara mbili, nikawa naufungua mara moja, nashangaa. Tukaingia. Mlango wa tatu umefungwa kwa ndani. Yale makomeo yetu yana mfereji mdogo kwa nje, unaingiza sarafu unazungusha, wengi wenu hamjui, sasa mjue. Sarafu sikuwa nayo, hili koti letu la kazi halina mfuko. Nikatumia mkia wa kijiko.

Alikuwa sakafuni, ameegemea ukuta, jasho linamtiririka, miwani imeangukia mapajani, macho yako wazi nusu lakini hayanioni. Pembeni yake kimfuko cha dawa kimefunguka na pipi zimetawanyika. Alikuwa amejidunga kama kawaida kabla ya kula, halafu mkutano ukamrudisha ndani, chakula hakikuja, na alipotoka kukimbilia pipi zake vidole havikuweza kufungua karatasi.

Sikummiminia kitu mdomoni. Gogo alitaka kupaliwa siku moja kwa namna hiyo. Nilivua glavu, nikanawa, nikamlaza ubavu, nikalowesha kidole, nikachovya kwenye sukari, nikampaka ndani ya shavu. Tena. Tena. Namwita jina. Mama Bahati anaongea na watu wa gari la wagonjwa kwa Kiingereza, na kwa Kifaransa, na katikati anamkemea shetani. Ilichukua muda ambao sitaki kuukumbuka. Halafu akameza. Halafu akashika mkono wangu, kwa nguvu kidogo, kama ya paka.

Kijana wa gari la wagonjwa alisema tulimwahi kwa kidogo sana. Akanipa mkono. Nikatazama pembeni.

Wiki iliyofuata ndiyo keki. Bosi wa ghorofa ya tatu alisimama akasoma karatasi, kwamba Bi Sofia alisikia sauti ya mwenzetu akachukua hatua mara moja. Mara moja! Watu wakapiga makofi. Nikamtafuta Mama Bahati kwa macho, nikamkuta anakagua dari. Kile kipande cha keki nilikitafuna kama sponji ya kuoshea vyombo.

Mariko alirudi Jumatatu. Tulijua sasa kwa nini alikuwa anajificha. Alikuwa ameomba mwenyewe kuja huku, akiogopa wakijua ana ugonjwa watamrudisha kwao na kumleta mwingine. Hawakumrudisha. Walimpa nafasi kwenye friji ya ghorofa yao, akaweka dawa zake kwenye kopo la biskuti lenye jina lake. Akashuka saa saba, akainama mlangoni kama siku ile ya kwanza, akatuletea zawadi zimefungwa vizuri mpaka unaona dhambi kufungua.

Nikasema niseme. Ningeweza kunyamaza, hakuna aliyejua isipokuwa Mama Bahati, na yule hata umtishe kwa bunduki hasemi. Lakini dada wa watu alikuwa ananiangalia kwa macho ya shukrani, na mimi nilikuwa najisikia kama nimevaa nguo ya mtu.

"Mariko, mimi nilikukimbia kwanza. Nilidhani ni yule mtoto wa choo. Nikakufungia. Nikaja huku nikanywa chai."

Akaweka vijiti vyake vya kulia chini.

"Nilisikia ufunguo," akasema taratibu. "Nilidhani naota."

Hilo la ufunguo sikulitegemea. Sikuwa nimejiuliza kama alisikia. Maji yalikuwa yanachemka, hakuna aliyeinuka kuyazima.

Halafu akauliza, "Uligonga mara tatu?"

"Mara tatu."

"Na mimi nikaitika." Akaziba mdomo kwa mkono. Mabega yakaanza kutikisika, sikujua ni kilio au kicheko, nadhani hata yeye hakujua. "Mama Sizwe, mimi ndiye niliyekusimulia. Ningekuwa wewe ningekimbia mpaka kwenye ndege."

Akanishika mkono, akanywa chai yake, akapanda kazini. Alikaa nasi miaka mingine minne kabla ya kurudi kwao, na bado ananiandikia kila kiangazi chake, kila barua na mzimu mmoja ndani. Mimi niliendelea kugonga mara tatu mpaka siku niliyokabidhi ufunguo, na kila nilipojibiwa nisichoelewa niliinama. Magoti haya yanauma kwa sababu hiyo. Nanyi inameni. Viatu vya mtu vinaonekana.

Lakini siku ile, Mariko alipopanda, mimi nilibaki naosha vikombe na machozi yanaingia kwenye povu. Nikamwambia Mama Bahati, dakika saba. Nimehesabu, kushuka, chai, kupanda. Dakika saba nilimwacha mtu sakafuni na nimefunga mlango. Hata asamehe yeye, mimi sitajisamehe.

Mama Bahati alikuwa anafuta vijiko. Miaka yote ile hakuwahi kunisimulia kwa nini alikuja huku, na mimi sikuwahi kumuuliza.

"Ile siku ya vita tulikimbia Bukavu," akasema, "mama mkwe wangu alikuwa kwa kitanda, miguu haitembei. Tulitoka wengine wote na mlango wa nyuma, na watoto, na sufuria. Alikuwa anatuita. Mimi nilimusikia." Akaweka kijiko, akachukua kingine. "Weye ulienda dakika saba, ukarudi. Mimi huu ni mwaka wa kumi na tisa. Suuza vizuri hicho kikombe, bado kina sabuni."